Umoja wa wakazi ukizidi ukali: namna ya kuupima, kuubana na kujitoa bila kuvunja ujirani

Kwenye maeneo yanayojengeka haraka pembeni ya jiji la Mbeya, na kwenye viwanja vipya vya Iringa na Njombe, umoja wa wakazi huanza kwa jambo la maana. Wezi wamezidi, barabara haipitiki mvua za Novemba zikianza, au nguzo ya umeme imekwama kwa mtu. Watu wanakaa kikao, wanachanga, mambo yanakwenda. Miaka miwili baadaye kuna katiba yenye vifungu arobaini, faini ya kuchelewa kikao, ada ya kupitisha lori la tofali, na orodha ya wadaiwa inayorushwa kwenye grupu la WhatsApp kila tarehe tano.

Kabla ya kulipa au kugoma, fahamu nguvu ya umoja inatoka wapi. Inatoka sehemu tatu tu: saini yako, muhuri wa ofisi ya mtaa, na hofu ya kuachwa peke yako siku ya msiba. Ukiambiwa lolote lisilosimama juu ya moja kati ya hizo tatu, huo ni mkwara. Kazi iliyopo ni kuzitenganisha, kwa sababu kamati nyingi huzichanganya makusudi.

Kwanza, jua unashughulika na nani

Serikali ya mtaa na umoja wa wakazi ni vitu viwili tofauti hata kama mwenyekiti ni yule yule. Serikali ya mtaa ipo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288. Ina mwenyekiti aliyechaguliwa, kamati yake na mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri. Umoja ni watu waliokubaliana. Kamati ya umoja ikitumia karatasi yenye nembo ya mtaa au muhuri wa mwenyekiti kudai ada yake, hapo pana kosa la kuhojiwa, tena mapema.

Ukiwa kijijini, tuseme Rungwe, Mbarali au Kilolo, hali inabadilika. Kijiji kina halmashauri ya watu 15 hadi 25, ni chombo kinachoweza kushtaki na kushtakiwa, na kinaweza kutunga sheria ndogo zake chini ya Sura 287 baada ya kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa wa mjini hauna mamlaka hayo. Sheria ndogo za mjini hutungwa na halmashauri ya jiji, manispaa au mji, huidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni sheria ya mtaa wetu" na uko mjini, tuseme Forest Mpya ya Mbeya au Gangilonga ya Iringa, uliza jina la sheria ndogo na namba ya Tangazo la Serikali. Kama haipo, basi hilo ni pendekezo tu la majirani.

Kuna aina mbili nyingine zinazohitaji tahadhari zaidi. Ukinunua sehemu ndani ya jengo la ghorofa lenye hati za sehemu chini ya sheria ya mwaka 2008 (Sura 416), chama cha wamiliki kinakuja pamoja na hati yako. Huko hakuna kujitoa, na gharama za ngazi, paa na maji ya pamoja ni zako. Aina ya pili ni viwanja vya mradi vinavyouzwa na kampuni. Mkataba wa mauziano unaweza kuwa na kipengele kinachosema mnunuzi "atakuwa mwanachama wa umoja wa wakazi na kufuata masharti yake kama yatakavyobadilishwa." Maneno mawili ya mwisho ndiyo hatari: unasaini leo masharti ambayo bado hayajaandikwa. Omba yafutwe, au yaongezewe "kwa idhini yake ya maandishi." Muuzaji akikataa, shusha bei utakayotoa au tafuta kiwanja kingine.

Neno kuhusu katiba za kunakili. Kamati zinapenda kuchukua kielelezo cha vyama vya wenye nyumba vya Marekani kutoka intaneti na kukitafsiri. Kule masharti huandikishwa pamoja na umiliki wa nyumba, na chama kinaweza kuweka deni juu ya nyumba hadi ikauzwa. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba jimbo la California likazuia mauzo hayo kwa deni la ada lisilofika dola 1,800, isipokuwa limekaa zaidi ya miezi 12. Hapa kwetu ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati ya kumiliki hufutwa na Rais peke yake. Kifungu cha "umoja utakuwa na haki ya kutwaa kiwanja cha mdaiwa" hakina miguu. Lakini kifungu kisichotekelezeka bado hutisha wajane na wazee, kwa hiyo kitolewe kwenye katiba, kisiachwe eti hakina madhara.

Karatasi za kuomba

Usianze kwa ugomvi kwenye grupu. Anza kwa barua moja fupi. Omba katiba ya umoja yenye tarehe ya kupitishwa, cheti cha usajili kama kipo, muhtasari wa kikao kilichopitisha mchango pamoja na karatasi ya mahudhurio, taarifa ya mapato na matumizi ya miezi 12 iliyopita, na taarifa ya benki au ya namba ya simu inayopokea fedha.

Cheti cha usajili ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Umoja wa namna hii husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura 337. Ili kumiliki mali na kushtaki kwa jina lake, unahitaji wadhamini waliosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya Sura 318. Umoja usio na hayo hauwezi kwenda mahakamani kwa jina lake kudai elfu kumi zako. Na kama una akaunti iliyofunguliwa kwa majina ya watu watatu, fedha hizo kisheria zina sura ya fedha za watu watatu. Mmoja akifariki, mnaanza kuzifuata kwa msimamizi wa mirathi.

Barua iwe hivi:

*Kwa Katibu, Umoja wa Wakazi wa (jina).*
*YAH: MAOMBI YA NAKALA ZA NYARAKA NA HESABU.*
*Mimi ni mkazi wa nyumba/kiwanja namba (…). Naomba kupatiwa nakala za nyaraka zifuatazo: (orodha). Nipo tayari kulipia gharama ya kutoa kopi. Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Barua hii si kukataa kulipa. Ni kuomba uthibitisho wa msingi wa mchango ninaodaiwa.*
*Nakala: Mtendaji wa Mtaa.*

Sentensi mbili za mwisho zinazuia jibu la kawaida, kwamba "huyu hataki kulipa." Nakala kwa mtendaji inafanya barua isipotee. Peleka kopi mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe na tarehe, ubaki nayo. Katibu akikataa kusaini, mkabidhi mbele ya shahidi, kisha andika nyuma ya kopi yako jina la shahidi, tarehe na saa.

Kama nyaraka unazotaka ziko ofisi ya mtaa au ya kata, msingi wako ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa mamlaka ya umma siku 30 kukujibu. Itaje kwa jina kwenye barua. Mtendaji anayejua kuwa barua inaweza kufika kwa Mkurugenzi wa halmashauri hujibu haraka zaidi.

Ukipata muhtasari, angalia karatasi ya mahudhurio kwanza, maazimio baadaye. Ujanja wa kawaida ni huu: watu wanasaini daftari mlangoni, kikao kinavunjika bila makubaliano, kisha ukurasa ule wa saini unabanwa nyuma ya muhtasari unaosema wote waliafiki mchango wa laki moja. Dalili zake zinaonekana. Ukurasa wa saini hauna kichwa cha habari, au una tarehe iliyoandikwa kwa kalamu nyingine, au namba za kurasa hazifuatani na muhtasari. Kinga yake ni rahisi. Kila unaposaini mahudhurio, andika pembeni ya jina lako "mahudhurio tu" na upige picha ukurasa huo kwa simu kabla hujaketi. Wakikuuliza kwa nini, waambie ni kawaida yako.

Hesabu pia akidi, yaani idadi ya chini ya watu inayofanya kikao kiwe halali. Katiba ikisema nusu ya wanachama, na wanachama ni 64, basi 31 hawatoshi hata kama wote walinyoosha mikono. Mpangaji anahesabiwa au hahesabiwi? Katiba nyingi zimenyamaza hapo, na ndipo ugomvi unapoanzia.

Fedha: maswali mawili yanayofungua daftari

Chukua mfano wa umoja wa nyumba 64, mchango wa ulinzi 10,000 kwa mwezi. Wote wakilipa ni 640,000. Walinzi wawili kwa 180,000 kila mmoja ni 360,000. Betri za tochi na matengenezo ya taa, 40,000. Posho ya kikao kwa wajumbe 7, 10,000 kila mmoja, ni 70,000. Jumla 470,000, salio 170,000 kwa mwezi, yaani 2,040,000 kwa mwaka. Lakini wakilipa 45 tu, mapato ni 450,000 na pengo ni 20,000 kila mwezi. Kamati inaweza kusimama kwenye kikao na kusema lolote kati ya hayo mawili, na wote mkaamini, kwa sababu hakuna aliyeuliza idadi.

Kwa hiyo usiulize "hela zetu ziko wapi," maana swali hilo hujibiwa kwa hotuba. Uliza: "Mwezi wa Machi nyumba ngapi zililipa?" Halafu: "Stakabadhi za Machi zinaanzia namba gani na kuishia ngapi?" Maswali hayo yanajibiwa kwa kufungua kitabu. Kitabu cha stakabadhi kina namba zilizochapwa zinazofuatana, na idadi ya stakabadhi ndiyo idadi ya waliolipa. Pasipo kitabu chenye namba, mweka hazina anaandika kwenye daftari la shule, na daftari la shule huchanika ukurasa bila kuacha alama. Pendekezo la kwanza kwenye kikao kijacho liwe kununua vitabu viwili vya stakabadhi zenye nakala. Ni gharama ndogo, na anayeipinga amekwisha kujieleza.

Mchango unaodaiwa kwa jina la halmashauri ni habari nyingine. Huo hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo au kwa mashine ya POS inayotoa risiti hapo hapo. Ukiandikiwa ada ya taka ya jiji kwenye kipande cha karatasi, usilipe. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria.

Moramu, ule udongo wa changarawe wa kumwaga barabarani, ina hesabu yake, na ndiko fedha nyingi za umoja hupotelea. Barabara ya mita 150 kwa upana wa mita 4, unene wa sentimita 10 ikishashindiliwa, inahitaji mita za ujazo 60. Moramu ikiwa kwenye lori imelegea, kwa hiyo ongeza karibu asilimia 30: mita za ujazo 78. Lori la tani 7 hubeba takriban mita za ujazo 4.5. Hizo ni tripu 17 hadi 18. Wakisema walimwaga tripu 30 kwenye kipande hicho, barabara ingekuwa imepanda kwa kina cha zaidi ya sentimita 16, kitu ambacho unaweza kukipima kwa rula pembeni ya mtaro. Wakimwaga tripu 8, usitegemee ivuke Desemba. Teua watu wawili wasio wajumbe wa kamati wakae eneo la kumwagia, waandike namba ya gari na saa kwa kila tripu. Na moramu bila mtaro ni bure. Maji yakipita katikati ya barabara kwa mwezi mmoja wa mvua za Mbeya yanabaki mawe. Anzeni na mtaro, hata kama fedha zitatosha nusu ya barabara tu.

Mikwara, mmoja baada ya mwingine

*Faini.* Faini kwa maana ya adhabu hutolewa na chombo chenye sheria. Adhabu ya umoja ni makubaliano, inamfunga aliyekubali katiba. Hujasaini fomu ya uanachama? Hujakubali. Umesaini? Soma kama adhabu ilikuwemo siku uliposaini au iliongezwa baadaye bila kikao. Hata ikiwemo, unastahili kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa.

*Kuchukua mali.* Vijana wa kamati wanapita na kubeba redio, baiskeli, jembe au kuku "hadi ulipe." Hilo ni kosa la jinai, hata kama deni ni la kweli. Anayekamata mali kwa ajili ya deni ni dalali wa mahakama mwenye amri ya mahakama mkononi. Usipigane nao. Piga picha, andika majina, omba karatasi ya walichochukua, nenda polisi siku hiyo hiyo upate namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa uliyotoa. Ukisubiri wiki, watasema ulitoa mwenyewe kama dhamana.

*Geti na kamba barabarani.* Barabara iliyochorwa kwenye mchoro wa mipango miji ni ya umma. Barabara za mtaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na umoja hauna mamlaka ya kuweka geti la kutoza magari ya ujenzi bila idhini. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, omba kuona mchoro na ramani ya upimaji ya eneo lenu. Humo utaona pia maeneo ya wazi. Ni jambo la kawaida kukuta eneo la wazi limekodishwa na kamati kwa mwenye gereji na kodi haionekani kwenye hesabu. Kuhusu ada ya kupitisha malori, wenzako wana hoja ya haki, kwa sababu lori la mchanga huvunja barabara waliyoichangia. Njia bora ni kukubaliana kurekebisha ulichoharibu, kwa maandishi, kuliko kulipa laki mbili zisizo na stakabadhi.

*Maji.* Kama maji ni ya mamlaka ya maji ya mji, umoja hauwezi kukukatia wala kumzuia fundi wa mamlaka. Malalamiko yasipotatuliwa na mamlaka yenyewe huenda EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Kama ni ya chombo cha jamii cha kutoa huduma ya maji kilichosajiliwa kupitia RUWASA, wakala wa maji vijijini, kile kina kanuni zake na kinaweza kukata kwa deni la maji. La maji tu, si la ulinzi. Kama ni kisima kirefu cha umoja chenye pampu kinachohudumia nyumba nyingi, uliza kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde. Ofisi za mabonde ziko karibu: Ziwa Rukwa iko Mbeya, Rufiji iko Iringa, Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Swali la kibali hufanya kamati iwe mpole ghafla.

*Barua ya utambulisho.* Huu ndio mkwara wenye meno, kwa sababu unahitaji barua kwa ajili ya kitambulisho cha NIDA, benki, dhamana polisi, hata kumwandikisha mtoto shule. "Hujalipa ulinzi, hupati barua." Barua ni huduma ya ofisi ya umma kwa mkazi, na umoja hauhusiki nayo. Omba kwa maandishi. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi kalamu inapotajwa, barua inapatikana. Isipopatikana, panda kwa mtendaji wa kata siku hiyo hiyo ukiwa na kopi ya maombi. Ukiombwa fedha isiyo na stakabadhi ili upewe, namba ya TAKUKURU ni 113, bure.

*Kuuza nyumba au kiwanja.* Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wala umoja asilimia 10 ya bei. Kwa kiwanja chenye hati, uhamisho unapita kwa afisa ardhi na kodi zinalipwa TRA. "Barua ya kutodaiwa na umoja" haimo kwenye orodha ya nyaraka. Ila mnunuzi mwerevu atauliza majirani, kwa hiyo kama kweli unadaiwa na unakubali deni, limalize uchukue stakabadhi.

*Kuku, mahindi, rangi ya ukuta.* Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri. Masuala ya mifugo na mazao marefu mjini yamo kwenye sheria ndogo za halmashauri husika. Katiba ya umoja inayokataza mahindi kwenye kiwanja chako cha Itezi, Mbeya, wakati jiji halijakataza ni maoni ya watu wenye bustani za maua.

*Majina kwenye grupu.* Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na kamati inayokusanya namba za NIDA, kopi za hati na picha za nyumba kisha kuzirusha kwenye grupu inajitafutia matatizo. Mpe katibu jina, simu na namba ya kiwanja. Kopi ya hati usitoe, na hati halisi isitoke ndani kwako kwa ajili ya mchango wowote.

Kujitoa, na kipi usijitoe

Ibara ya 20(4) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama au shirika lolote. Kwa hiyo kujitoa ni haki. Namna ya kujitoa ndiyo inayoamua utaishi vipi baada ya hapo.

Andika barua yenye tarehe ya kujitoa, lipa unachokubali hadi tarehe hiyo, na taja huduma unazoendelea kulipia bila kuwa mwanachama. Kama mlinzi anapita mlangoni kwako kila usiku, toa mchango wa ulinzi kama malipo ya huduma. Usipofanya hivyo utakuwa unalindwa kwa jasho la jirani, na hoja yako yote ya haki itaharibika kwa jambo moja. Vivyo hivyo kwa taka.

Mfuko wa msiba usijitoe. Hapa ndipo umoja unapokuwa na nguvu kuliko sheria yoyote. Mtu wa Tukuyu au wa Kihesa anaweza kuvumilia kuondolewa kwenye grupu, lakini hawezi kuvumilia wazo la kaburi lisilo na wachimbaji na matanga yasiyo na wapishi. Kamati zinazojua hilo huunganisha mifuko: ukidaiwa ulinzi, hutambuliwi msibani. Pambana na muunganiko huo kabla ya kitu kingine chochote. Pendekeza kifungu hiki kwenye katiba: *"Mfuko wa faraja utakuwa na daftari, mweka hazina na akaunti yake. Mwanachama wa mfuko wa faraja hatanyimwa stahili zake kwa sababu ya deni la mfuko mwingine wowote."* Kifungu hicho hupita kirahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu kila aliyepo kikaoni anafikiria msiba wake. Kikishapita, theluthi mbili za woga zimeondoka na watu wanaanza kuuliza maswali ya hesabu wenyewe.

Ukiwa na nafasi ya kurekebisha katiba badala ya kuondoka, weka mambo haya: ukomo wa kamati miaka miwili na mtu asirudie zaidi ya mara moja, mchango mpya upitishwe kwenye kikao kilichotangazwa siku 14 kabla, na kiasi kikiwa kimeandikwa kwenye tangazo, watia saini watatu benki, wasiwe ndugu, wakaguzi wawili wasio wajumbe wa kamati wakikagua daftari kila baada ya miezi mitatu, nafuu kwa wajane, wazee na wagonjwa bila kutajwa majina kikaoni. Na hakikisha katiba inasema umoja ukivunjwa fedha zinakwenda wapi. Kifungu hicho kisipokuwepo, umoja unaokufa hufa na akaunti yake.

Usiende kikaoni peke yako. Watu watano waliokaa sehemu tofauti za ukumbi, kila mmoja na swali moja, wana uzito kuliko mzungumzaji mmoja mwenye maswali matano. Na anayeuliza la hesabu awe yule ambaye hadaiwi hata senti. Mwanzo wa jibu la kamati huwa ni kusoma deni la muulizaji.

Mlango upi kwa tatizo lipi

Mali imechukuliwa au umetishiwa: polisi. Fedha za umma au rushwa ya ofisi: TAKUKURU, na barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Deni au adhabu inayobishaniwa: Mahakama ya Mwanzo. Umoja uliosajiliwa unaokiuka katiba yake: Msajili wa Jumuiya. Kabla ya yote hayo mtendaji wa mtaa, kisha wa kata, wapate barua, hata kama unajua hawatafanya kitu. Ngazi ya juu itakuuliza kama ulianzia chini.

Tatizo la ardhi, yaani njia iliyozibwa, mpaka, au eneo la wazi lililovamiwa, lina utaratibu wake. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Lina siku 30. Likishindwa, omba cheti cha kuthibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana, kwa sababu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri bila hatua hiyo. Watu wengi hurudishwa dirishani kwa kukosa karatasi hiyo moja, baada ya kulipa nauli kutoka Igawilo au Makambako.

Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hawatozi malipo. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri wanakaa wapi. Nenda na bahasha moja yenye kopi, zikiwa zimepangwa kwa tarehe, ya zamani ikiwa juu: mkataba wa kununua, fomu ya uanachama kama ulisaini, stakabadhi, barua zilizogongwa muhuri wa kupokelewa, picha za karatasi za mahudhurio. Ujumbe wa WhatsApp piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya simu na tarehe, si jina ulilolihifadhi wewe, kisha utoe kopi ya karatasi. Jumbe za grupu hufutwa, na anayefuta huwa ndiye msimamizi wa grupu.